Ukurasa Uliokatwa Mguu

"Saa sita kamili natia sahihi," Substitut alisema. "Dakika tano kisha, foni inaita Kabambare, na Sylvestre anatoka kasho, anaenda kwake."

Rehema Amuri alikuwa amesimama mbele ya meza. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na robo asubuhi. Mwaka huo ulikuwa wake wa tisa kuwa OPJ, afisa wa upelelezi, pale Kasongo, na Substitut huyu wa parke, ofisi ya mashtaka, alikuwa wa nne kumfanyia kazi. Wa kwanza aliyemwonyesha saa.

"Akitoka Kabambare saa sita, jioni iko Salamabila," alisema. "Mule kwenye mashimo ya dhahabu nani atamuona tena? Na zile ampule za kinini hazijaisha. Tulikamata katoni moja. Alikuwa nazo sita."

"Najua, Mama Rehema."

"Tano ziko wapi?"

"Sijui, na wewe haujui." Substitut alisukuma raporo hadi kwenye ukingo wa meza. "Mutu anafungwa kwa sababu. Sababu ilikuwa moja: watu wa kijiji cha Wamaza walisema watoto wao walikufa kisha kudungwa dawa ya Sylvestre. Sasa shirika limeenda, limefanya ankete, limeuliza nyumba mia mbili na kumi na mbili. Unajua ngapi zilinunua kwake? Tatu. Na watoto wa zile nyumba tatu wako wazima, wanacheza mpira. Nimufunge na nini?"

"Nani alihesabu?"

"Mashini. Mashini haina shemeji, Mama Rehema." Alikunja mikono. "Na nikuambie jambo. Hii faili iko na damu yako ndani. Mutoto wa mudogo wako. Substitut mwingine angekuondoa toka juma lililopita."

"Nipe mpaka saa sita."

"Ndiyo ile nimekupa."

Alichukua raporo akatoka nayo barazani. Placide, polisi wake, alikuwa kwenye benchi akifuta bunduki kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko bunduki yenyewe. Alisogea.

Raporo ilikuwa ya kurasa ishirini na nne, zimebanwa pembeni kwa pini moja ya chuma. Rehema hakuanza kusoma. Kwanza aliisimamisha kwenye benchi, akaigonga mara mbili ili karatasi zikae sawa, akainama kutazama ukingo wa chini. Karatasi ishirini na tatu zilifika kwenye ubao. Moja haikufika.

Alifungua pale. Ukurasa wa kumi na tisa. Ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, na mwisho wake ulipinda kidogo, kama umekatwa na mtu mwenye mkasi huku anasikiliza mlango.

"Placide, karatasi ya duka inakuwa na urefu ngapi?"

"Urefu moja, Mama."

"Basi huu ulikatwa mguu."

Juu ya ukurasa kulikuwa na swali la kumi na nne: *Mgonjwa alipata dawa wapi?* Chini yake maneno madogo yalisema kwamba kila nyumba inaweza kutaja pahali pengi. Halafu tablo. Kituo cha afya, nyumba 79, hamsini kwa mia. Duka la dawa sokoni, 61. Miti shamba, 44. Muuzaji wa pikipiki nyekundu, 3.

Pikipiki nyekundu ilikuwa ya Sylvestre. Wamaza hapakuwa na nyingine.

Rehema aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza na hakukiondoa. Sabini na tisa. Hamsini kwa mia. Placide alimaliza bunduki, akaanza kufuta viatu.

"Hamsini kwa mia ni nini?" Rehema aliuliza.

"Ni nusu, Mama. Hata mutoto anajua."

"Nusu ikiwa sabini na tisa, nzima ni ngapi?"

Placide alihesabu kwa midomo. "Mia moja hamsini na nane."

"Na raporo inasema waliuliza nyumba ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

Rehema alitoa biki, akaandika hesabu kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto. Mia mbili na kumi na mbili, toa mia moja hamsini na nane. Alichora mstari chini, akaandika jibu: 54. Halafu akafungua kaye yake ya kazi, akarudi nyuma majuma matatu, kwenye kurasa zenye vumbi jekundu la Wamaza. Siku zile alitembea na mdogo wake Rachida mlango kwa mlango, akiandika kila nyumba iliyozika mtoto katika ile miezi miwili. Nyumba nyingine zilizika mmoja, nyingine wawili. Chini ya orodha alikuwa ameandika jumla ya nyumba na kuizungushia mstari.

Aliweka kiganja kando ya kaye.

Placide alitazama kiganja, akatazama kaye. Aliacha kufuta viatu.

"Hamsini na nne," alisema.

"Twende."

Alipoinuka aligusa pindo la kitenge chake. Fundo lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na ampule moja tupu, shingo imevunjwa. Rachida ndiye aliyempa, siku ya tatu ya matanga, alipomwona dada yake anashuka kwenye pikipiki akianza kulia. Alimwambia, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake: "Yaya, usiniletee pole. Niletee jina."

*

Fishi za ankete, karatasi walizojazia majibu, zilikuwa stoo, nyuma ya biro ya shirika, ndani ya makaratoni ya sabuni. Aliyekuwa na ufunguo ni Kavira, mwanamke wa Kinande aliyefika Maniema akimfuata mume kwenye dhahabu ya Salamabila. Mume alihama na mwanamke mwingine. Kavira alibaki na kazi za ankete. Ndiye aliyeuliza maswali Wamaza, na ndiye aliyekaa kwenye ordinateri kuingiza majibu, chini ya mkuu wa ankete, Théophile.

Hakupenda kumwona Placide mlangoni.

"Chef Théophile anajua kama muko hapa?"

"Tutamwambia," Rehema alisema. "Nipe fishi za Wamaza. Zote."

Alikaa juu ya karatoni, akazipitisha moja moja kwa kidole gumba, kwenye swali la kumi na nne, na la kumi na tatu lililo juu yake. Kila fishi ilikuwa na jina la mgonjwa, na chini ya jina visanduku sita. Moja maana yake ndiyo, sifuri maana yake hapana. Nyingi zilijazwa vizuri: moja, sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri. Nyingine zilikuwa na moja peke yake, na vile vingine vitano ni vitupu. Hizo alizitenga kando. Lundo lilipofika kimo cha ngumi, akainua macho.

"Kavira, Wamaza ulifika kweli?"

"Mama?"

"Nauliza. Najua maajenti. Wanafika kwa barabara, wanaingia kwa kilabu, wanajaza fishi na chupa mbele. Wakichoka, wanaacha wazi." Aliinua fishi moja. "Hapa ulichoka. Hapa ulichoka. Hapa ulichoka sana."

Kavira aliinama. Alivua kiatu cha kulia, akaweka mguu juu ya karatoni. Kidole gumba hakikuwa na ukucha.

"Ukucha uliachwa Wamaza," alisema. "Siku kumi na moja, na miguu. Kama kilabu yako inakula watu kucha, basi nilikuwa kilabu."

Placide alicheka, akakohoa ili kuficha.

"Basi niambie ni nini hii," Rehema alisema. Sauti yake haikubadilika. "Hesabu hilo lundo."

Kavira alihesabu. Alipofika mwisho alirudia tena, polepole.

"Hamsini na nne."

Rehema alimpa kaye. "Soma majina yangu. Linganisha na yako."

Hiyo ilichukua muda. Kavira alisoma jina, akatafuta fishi, akaiweka kifudifudi. Jua liliingia stoo, likafika kwenye miguu yao. Fishi ya mwisho ilipolala kifudifudi, kaye nayo ilikuwa imefika mwisho. Hakuna iliyobaki huku, hakuna iliyobaki kule.

"Ni nyumba za matanga," Kavira alisema. "Zote. Mama, sikuchoka. Nilikatazwa."

"Nani alikukataza?"

"Kwanza walikuwa ni wamama wenyewe. Siku ya kwanza kabisa nilikaa na mama mumoja, nikaandika jina la mutoto wake, nikaweka moja pale kwa pikipiki nyekundu. Halafu nikaanza sifuri. Sifuri ya kwanza, ya pili. Akanishika mukono. Akaniuliza: *Unachimba mashimo mangapi chini ya jina la mutoto wangu?*" Kavira alipanga lundo. "Ile fishi nikaiandika upya, moja peke yake. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Hakuna nyumba ya matanga ilikubali niandike ile mviringo. Nikapigia Chef simu. Akanielewa. Alisema vizuri, kusema kweli. Nilimusifu."

"Alisema nini? Maneno yake."

"Iko kwa kaye yangu. Anapenda tuandike kila amri yake, na tarehe."

Alivuta kaye kutoka nyuma ya karatoni. Maandishi yalikuwa ya mtu anayeandika simu ikiwa begani: *Chef anasema: nyumba za matanga, andika moja tu. Zingine uache wazi. Sifuri atajaza yeye mwenyewe bironi.*

Rehema alisoma mara mbili. "Alijaza?"

"Nilipoingiza majibu kwa ordinateri, nilimukumbusha. Akasema acha, hata vikibaki wazi haina matata, mashini inahesabu ile moja na inaruka pale patupu. Na ni kweli, Mama. Mashini ndivyo inafanya yenyewe, usipoigusa."

"Na ukiigusa?"

"Kuna pahali unaweka alama. Ukiweka ile alama, mutu mwenye kisanduku kimoja tu kitupu anatoka. Anatoka muzima, hata na ile moja yake."

"Kama hakuulizwa."

"Kama hakuzaliwa."

Rehema aliokota fishi moja kutoka kwenye lundo, akaigeuza. Namba mia moja na kumi na saba. Mama: Rachida Amuri. Mgonjwa: Sumaili, miaka minne. Kisanduku cha pikipiki nyekundu kilikuwa na moja, imekazwa hadi karatasi ikatoboka. Vitano vilivyobaki vilikuwa vyeupe.

Aliirudisha mahali pake.

"Kile Chef alifanya kwa mashini, kinaweza kujulikana?"

"Mashini iko na jarida lake," Kavira alisema. "Kila amri unayoipa inaiandika ndani, na siku, na saa. Hata ukifuta tablo, jarida linabaki. Chef mwenyewe alituonyesha wakati wa mafunzo. Alitaka kututisha tusicheze na mashini yake."

Placide alitazama saa ya simu. "Saa nne na nusu, Mama."

"Vaa kiatu, Kavira. Utakuja na sisi."

*

Théophile alikuwa na biro ya mbele, yenye dirisha la kioo na betri mbili za panneau ya jua chini ya meza. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliinuka, akampa Rehema kiti, akamwagiza mtu chai. Chai ilikuja. Rehema hakuinywa.

"Nimesikia mko na haraka na ile faili," Théophile alisema. "Pole kwa matanga, Mama OPJ. Sikupata nafasi ya kukuambia."

"Asante. Nataka kujifunza."

"Kujifunza nini?"

"Vile ulifanya ile tablo ya swali la kumi na nne. Uifanye tena, mbele yangu."

Théophile alicheka vizuri tu, bila ubaya. "Hii ni hesabu ya université, Mama. Siyo ya kuhesabu mafungu ya sombe sokoni."

"Nitatazama tu. Nina macho."

Alivuta kiti chake, akafungua programu. Mshale ulikimbia kwenye kioo. Alichagua majina sita ya visanduku, akayapeleka upande mwingine, akaeleza kwamba sasa mashini inayashika yote kama swali moja, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na majibu mengi. Aliongea kama mwalimu. Halafu mshale ulishuka chini, upande wa kushoto, ukabonyeza kitu kidogo, ukapanda kulia.

"Rudi," Rehema alisema.

"Rudi wapi?"

"Pale chini. Uliweka alama."

"Ni kitu cha kitekniki."

"Sawa. Endelea."

Tablo ilitokea. Sabini na tisa, sitini na moja, arobaini na nne, tatu. Na chini kabisa, mstari mmoja ambao ukurasa wa kumi na tisa haukuwa nao: zilizohesabiwa 158, zilizotolewa 54. Rehema aliinua ukurasa, akaulaza juu ya kioo, namba juu ya namba. Karatasi iliishia pale mstari ulipoanzia.

"Mkasi wako uko wapi, Chef?"

Théophile alitazama kikopo cha kalamu. Mkasi ulikuwemo. Placide aliuchukua, akautia kwenye bahasha, akaandika saa juu yake.

"Niliondoa mstari ili wasomaji wasichanganyikiwe," Théophile alisema. "Wale wa raporo hawajui mambo haya. Na kutoa fishi ambazo hazijajaa ni kanuni. Mutu ambaye hakujibu yote, haumujui. Unamutoa. Dunia nzima wanafanya hivyo."

"Ni kanuni."

"Kanuni kabisa."

"Kwa maswali yote?"

"Kwa..." Alinyoosha kola ya shati. "Inategemea."

Rehema alifungua ukurasa wa kumi na nane. Huo ulikuwa mrefu kama wenzake. "Swali la kumi na tatu. Maji munachota wapi. Hapa pia kila nyumba inataja pahali pengi, na nyumba za matanga wameandika moja tu na kuacha pengine wazi. Nimeziona stoo, fishi zilezile. Soma mguu wa tablo."

Théophile alisukuma ukurasa kando.

"Kavira, soma."

"Zilizohesabiwa mia mbili na kumi na mbili. Zilizotolewa, hakuna."

"Chef," Rehema alisema, "wamama wale wakinywa maji wako watu. Wakinunua dawa, hawako watu?"

Théophile alitazama betri chini ya meza. Nje mtu alikuwa akijadiliana bei ya samaki wa Nyangwe.

"Ondoa ile alama," Rehema alisema.

Mkono wa Théophile ulibaki juu ya meza. Rehema alimpa Kavira ishara. Kavira alizunguka, akasimama nyuma ya kiti cha chef wake, akanyoosha mkono kupita bega lake. Mshale ukashuka kushoto. Alama ikatoka. Tablo mpya ikaja.

Muuzaji wa pikipiki nyekundu: 52.

Rehema aliandika. Hamsini na mbili, toa tatu wazima. Arobaini na tisa. Nyumba arobaini na tisa kati ya hamsini na nne zenye kaburi.

"Hii tablo," aliuliza, "umeiona leo mara ya kwanza?"

"Ndiyo," Théophile alisema upesi. "Kweli. Kama ningeiona, ningekuja mwenyewe kwa parke."

"Andika, Placide. Anasema ameiona leo mara ya kwanza. Isome tena, asikie."

Placide alisoma. Théophile alikubali kwa kichwa. Alipumua, akachukua hata chai.

"Sasa, Kavira," Rehema alisema. "Jarida."

Kikombe kilibaki hewani.

Kavira alifungua dirisha lingine. Hapakuwa na tablo humo, mistari tu, chini kwa chini, kila siku na saa yake. Alitembeza kidole kwenye kioo akarudi nyuma siku tisa, kisha akasoma kwa sauti ya chini. Saa nne na dakika mbili: amri ya kuhesabu swali la kumi na nne, bila alama. Saa nne na dakika sita: amri ileile, swali lilelile, na alama.

"Dakika nne," Rehema alisema. "Ulikaa na hamsini na mbili dakika nne. Sylvestre ni nani kwako?"

Théophile aliweka kikombe chini. Kiliangukia ukingo wa sahani, chai ikamrukia kwenye kifua cha shati.

"Shemeji."

"Amemuoa nani?"

"Mudogo wangu. Cadette."

"Nilijua. Nilitaka Placide aiandike kutoka mudomo wako."

"Mama, nilipoambia Kavira aache wazi, sikuwa na ubaya. Naapa. Nilihurumia wale wamama."

"Nakuamini. Ndiyo inaniuma zaidi. Ulichukua huruma ile moja ulikuwa nayo, ukaifanyia kazi hii." Rehema alifungua kaye ukurasa mpya. "Katoni tano ziko wapi?"

"Sijui."

"Sylvestre anatoka leo saa sita. Uliharakisha raporo ifike parke kabla ya ijumaa. Kuna nini ijumaa?"

Théophile alifuta shati lake.

"Kuna soko la Salamabila," Kavira alisema. "Soko kubwa."

"Katoni tano ziko wapi, Théophile?"

Aliitazama tablo, siyo Rehema. "Kwa Cadette," alisema mwishowe. "Chini ya kitanda cha watoto. Iko na watoto wane, Mama OPJ. Bwana akifungwa, wale watoto wane watakula nini? Ungekuwa ni wewe, ungefanya nini?"

Rehema alifungua fundo la kitenge. Aliweka ampule juu ya meza, kati ya kikombe na ordinateri. Kioo kidogo, shingo imevunjwa, namba ya serie ubavuni.

"Rachida alikuwa na mumoja," alisema.

*

Saa tano na dakika arobaini alipiga simu kwa parke. Substitut alisikiliza bila kumkata. Aliposikia dakika nne, aliomba arudie. Aliposikia chini ya kitanda cha watoto, Rehema alisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Foni sitaipiga," Substitut alisema. "Sylvestre anabaki. Natuma watu kwa huyo Cadette sasa hivi."

"Nataka karatasi nyingine na sahihi yako."

"Ya nini?"

"Ya kuhakikisha vielelezo mahali. Wamaza. Na mushitakiwa, Théophile."

Substitut alirudi kukaa. "Mama Rehema. Unataka kumupeleka yule mutu Wamaza?"

"Fishi hazijajaa. Yeye mwenyewe amesema fishi haijajaa haihesabiwi. Tribunali itasema vilevile. Aliahidi kuzijaza, na ahadi iko imeandikwa, na tarehe. Zile za kweli ziko kwa muhuri, zitabaki kwako. Atajaza nakala."

"Watamuua."

"Hakuna atakayemugusa. Placide na wenzake wawili wako na bunduki, na mimi nitasimama katikati. Namutaka muzima, Bwana Substitut. Mufu hajazi fishi."

Alisikia biki ikitembea kwenye karatasi.

Pikipiki tatu zilikuwa tayari saa saba, matanki yamejaa. Théophile alikaa katikati ya dereva na Placide, mikono mbele, pingu zimefunikwa na koti lake la mvua. Shati lilikuwa na doa la chai. Rehema alimpa mfuko wa plastiki wenye nakala hamsini na nne, zimepangwa kwa mpango wake yeye. Ya juu ilikuwa namba mia moja na kumi na saba.

Aliitazama. Alisoma jina la mama, halafu jina la ukoo, halafu akamwangalia Rehema.

"Hii ni..."

"Tutaanza pale. Halafu tunapita nyumba kwa nyumba. Kila moja visanduku vitano. Utakaa chini mbele ya mama, utaweka fishi juu ya goti, utaandika sifuri zake yeye akitazama. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Sitakuharakisha. Tuko na siku nyingi."

Théophile alirudisha fishi ndani ya mfuko. Dereva aliwasha moto, akauzima tena kwa sababu Rehema alikuwa bado ameshika usukani.

"Atanishika mukono," Théophile alisema. "Kama yule mama alivyomushika Kavira. Ataniuliza."

"Atakuuliza."

"Nikikosa la kumujibu?"

Rehema alichomoa biki kutoka kwenye kaye yake, akaitia katika mfuko wa shati la Théophile, juu ya doa la chai, akaubonyeza ili isidondoke njiani.

"Hiyo jibu," alisema, "hautaiacha wazi."

Aliachia usukani.